Karavani ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Novemba

Siku kubwa! Mama mkwe amepata nyumba, nami sikuinua hata tofali moja. Naandika yote hapa, ili kesho watu wasiseme ilikuwa akili ya Lambert.

Jambo lenyewe ni hili. Mke wangu Odile ana mimba ya miezi minane. Tumeingoja miaka tisa. Mama yake, Mama Philomène, anatoka Kabalo kuja huku Kalemie kumpokea mtoto. Na desturi yetu Waluba haina mlango wa nyuma: mkwe mwanamume na mama mkwe hawalali chini ya bati moja. Akikosa pa kulala pa heshima hapa kwangu, atarudi kwake pamoja na binti yake, mtoto azaliwe Kabalo. Ameshatuma neno. Mtoto wangu azaliwe Kabalo, mimi nisikie kilio chake kwa simu! Haiwezekani.

Odile alikuwa ameweka mabati ishirini tumjengee chumba nyuma ya nyumba. Kujenga! Udongo, misumari, mafundi wanaokula kuliko wanavyofanya kazi. Mimi nimetumia kichwa. Éliézer, fundi wa magari, aliachiwa karavani ya kukunja na wazungu wawili waliofiwa na gari njia ya Bendera, wakapanda boti kwenda Kigoma. Ni nyumba yenye magurudumu. Ikifungwa ni sanduku. Ikifunguliwa, vitanda viwili, mapazia, meza, mpaka ndoano ya kutundikia kofia! Éliézer anajenga, anataka mabati. Saa nne asubuhi tulikuwa tumebadilishana.

Itakaa ndani ya garaji. Nimepima kwa jicho. Itaingia.

Jioni. Odile amerudi. Ameitazama karavani pale barabarani, kisha akatazama pale palipokuwa na mabati. Akauliza: "Manjanja ya mama yangu iko wapi?" Manjanja, ndivyo anavyoyaita mabati. Nikaeleza vizuri, kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Akasema jambo dogo tu, la kitoto: mama alale naye humu ndani, mimi nikalale kwa Lambert wiki chache.

Kwa Lambert! Mume wa dada yake, karani wa bandari, aliyekwisha kumtolea mama mkwe mbuzi wa heshima hata wanaongea ana kwa ana, mwenye chumba cha wageni cha saruji ya Kabimba, chenye bati lake peke yake, ambacho mama mkwe hukitaja katika kila sala. Afadhali nilale ziwani.

Jumanne, 5 Novemba

Siku ya vipimo. Nyumba hii aliniachia baba, mtu wa reli, na garaji yake ilikuwa ya gari dogo. Imeshikana na nyumba. Hakuna pengine pa kuweka karavani. Uwanja wa mbele ziwa liliumeza lilipopanda, na mpaka leo ni tope na vyura. Nyuma ni pakavu, ila ubavuni hapapiti hata toroli.

Nilichukua metre ya kushonea ya Odile. Mlango wa garaji: metre mbili na sentimita kumi. Karavani: metre mbili na sentimita tatu. Sentimita saba za ziada! Nikaita majirani sita. Tukasukuma kwa wimbo. Ikaingia pua, ikaingia tumbo, ikasema kraa! Imekwama.

Kumbe nilipima sanduku. Magurudumu yametoka nje kidogo kila upande. Nani hupima magurudumu?

Lambert akapita na baiskeli yake, amevaa shati jeupe. Akasimama. Akasema "pole sana, Emile" kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nikamjibu kwamba imekwama kwa makusudi, tunaiacha ipumue.

Jumatano, 6 Novemba

Nimevunja mlango wa garaji kushoto na kulia, tofali kwa tofali. Saa sita karavani imeingia! Majirani wamepiga makofi. Mikono yangu imechubuka, lakini imeingia!

Kisha kuifungua. Kuna mkono wa chuma wa kuzungusha, na kifuniko kinapanda. Nikazungusha. Kikapanda mpaka usawa wa kifua changu, kikagonga boriti ya garaji. Mama mkwe si mfupi. Humo ataingia kwa magoti.

Lambert amerudi. Mtu huyu hana kazi bandarini? Akatazama juu, akatazama chini, akauliza kwa upole: "Bati mu ndani ya bati. Sasa mama atalala chini ya bati ya nani?"

Ni kweli. Garaji ni paa langu. Nimemwekea nyumba nzima, na bado atakuwa chini ya bati langu! Odile alikuwa amesimama mlangoni. Alishika tumbo lake, akaingia ndani.

Mama mkwe anapanda treni kesho. Wamesema itafika Jumamosi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepata jibu! Nikiwa naoga, kama wakubwa wote.

Shida mbili, dawa moja. Boriti inazuia kifuniko? Bati langu linavunja desturi? Basi garaji isiwe na bati! Nimepanda juu asubuhi nikang'oa mabati yote kumi na mawili, nikakata boriti kwa msumeno. Sasa mama mkwe atalala chini ya paa la karavani, na juu ya hapo hakuna kitu ila Mungu. Mkwe gani Kalemie amefikiria hivi?

Nikazungusha tena. Kifuniko kikapanda chote. Vitanda vikatoka huku na huku, vikagusa kuta, vikatulia. Nilipiga kelele peke yangu. Nikazungusha kidogo zaidi, kwa furaha, na mkono wa chuma ukakatika. Haitafungika tena. Lakini kwa nini ifungwe?

Odile amekuja kutazama mbingu kupitia garaji. Ameniuliza kama najua huu ni mwezi gani.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua. Tangu alfajiri mpaka saa tisa. Paa la karavani ni zima, lakini kuta zake ni za turubai, na turubai la wazungu lilishonwa kwa mvua za kwao. Godoro moja limeloa. Nimeligeuza. Upande wa chini umeloa zaidi.

Odile anapanga nguo katika mfuko mdogo. Nimeuliza ni wa nini. Amesema wa hospitali. Nimehesabu vikwembe vyake humo, vile vitenge vya kujifunga: sita. Nani huenda hospitali na vikwembe sita?

Naogopa. Naandika wazi maana hapa hakuna anayesoma. Miaka tisa watu wa avenyu hii wameniita Papa Emile kwa heshima tu. Nataka kumsikia mtoto huyu analia katika nyumba hii.

Lakini tutulie. Treni ya Kabalo! Wakikuambia Jumamosi, elewa Jumanne. Babu yangu aliingoja mpaka akaoa. Nina siku nne za kukausha magodoro na kutafuta plastiki.

Jumamosi, 9 Novemba

Treni imewahi.

Sijui nimfungulie nani kesi. Imefika saa tano, saa ile ile iliyosemwa. Haijawahi kutokea tangu nizaliwe, ikachagua leo!

Jua lilikuwa limetoka. Nilikuwa nimekausha godoro, nimeliweka mahali pake, nimetandika shuka la maua. Nikajiambia: mwenye nyumba hujaribu kitanda kabla ya mgeni. Nikalala kidogo, nione kama kinalia. Hakikulia. Kilikuwa kizuri mno. Siku nne sikulala vema. Nilikuwa na bukta tu, shati lilikuwa linakauka.

Nilifumbua macho nikaona pazia linafunguka. Mama Philomène. Uso kwa uso. Nyuma yake Lambert, sanduku la nguo la mama mkwe kichwani, na kuku mkononi.

Mimi ambaye hupisha njia nikimwona kwa mbali. Mimi ambaye sijawahi kumpa mkono. Nimelala katika kitanda chake, kifua wazi!

Hakupiga yowe. Alijifunika uso kwa kikwembe, akageuka, akaenda akakaa barabarani juu ya sanduku, mgongo kwangu. Kuku ndiye aliyepiga yowe. Odile akakimbia kwa mama yake, kama unavyoweza kukimbia na tumbo lile. Mama mkwe akasema neno moja, si kwangu, kwa Lambert: "Mumwambie ule muntu: mutoto yangu hatazalia mu nyumba ya bwana mwenye analala ku kitanda ya mama mukwe."

Wameondoka wote kwenda kwa Lambert. Odile na mfuko wake. Treni inarudi Kabalo Jumatatu.

Nyumba imenyamaza mpaka nasikia vyura wa uwanjani.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeenda kwa Lambert. Nimepiga magoti nje ya lango lake, watu wakitoka misa. Nimeongea na ukuta, maana mama mkwe alikuwa nyuma yake, na maneno yangu yalipaswa kupita kinywani mwa Lambert. Nasema "nisamehe", yeye anasema "anaomba umusamehe". Na anaongeza yake! Nilimsikia akiongeza "ni muntu wa akili kidogo". Nikameza.

Jibu likarudi. Mbuzi mmoja wa kuosha macho yake, leo kabla ya jua kuzama. Na pa kulala pa heshima. La sivyo, treni.

Odile alitoka mlangoni. Macho yamevimba. Nikamwambia kwa kweli sina mawazo tena, hata moja. Nafikiri hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Akasema: "Njo vile nilikuambia siku ya kwanza. Mama ndani, weye inje."

Nikakubali palepale. Sikuongeza kitu.

Mbuzi nilimtoa wapi? Éliézer anaye. Éliézer bado anajenga, jiko safari hii. Mabati kumi na mawili ya garaji yamekuwa mbuzi. Mama mkwe amempokea akimtazama mbuzi tu, si mimi.

Kwa Lambert sikulala, na sitalala. Mama mkwe yuko chumbani na Odile. Mimi niko katika karavani, garajini, nje ya bati langu mwenyewe. Desturi imekaa sawa kabisa. Ukitazama vizuri, ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo.

Alhamisi, 21 Novemba

Amezaliwa! Juzi, Jumanne, asubuhi ya mvua kubwa. Binti. Leo wametoka maternite, wodi ya wazazi, na kutoka hapa kwenye karavani namsikia kupitia ukuta. Analia kama pembe ya boti. Nimelia naye, naandika wazi. Mvua ilinisaidia kuficha.

Odile ameniletea chai mwenyewe, ameketi karibu yangu, mtoto kifuani. Akauliza: "Emile, umejifunza kitu kweli?" Nikasema ndiyo, kabisa, milele. Akacheka. Akanipa mtoto nimshike. Jina lake Philomène, jina la bibi yake.

Walipoingia ndani nikabaki nikifikiri. Philomène! Mwenye jina ni kama mwenyewe. Basi huyu mtoto naye ni mama mkwe wangu! Akishakua, atalalaje chini ya bati moja na mimi? Hakuna aliyelifikiria hili. Baba mwema hupanga mapema.

Na Éliézer ana bodi la lori, lile lililokuwa linaleta ng'ombe toka Pepa. Refu, zito, chuma tupu, halivuji popote. Anadai mabati sita tu. Juu ya sebule ninayo zaidi ya sita. Mama mkwe hulala chumbani, hatajua.

Lazima lipitie mlango wa mbele, litokee uwanja wa nyuma. Nimepima kwa jicho. Litaingia.