Bamia za Shemeji Amur

Katika Maskati nzima hakuna baba anayependwa na watoto wake kama shemeji yangu Amur! Si maneno yangu, ni yake mwenyewe. Huyasema kila Ijumaa baada ya Alasiri, barazani kwake Amerat, kikombe cha kahawa mkononi na tende mdomoni.

"Badr yuko Malaysia, Taghreed yuko Ireland," hutangaza. "Na kila Ijumaa wananipigia kwa video, wote wawili! Nyie wenu wako hapo Al Khuwair, wamekupigieni lini?"

Wazee huinamisha vichwa. Mzee Hamdan, ambaye mwanawe anakaa mtaa wa pili na humwona Idi kwa Idi, hutafuna tende kwa hasira.

Mimi siri ya simu hizo naijua, lakini siitoi. Dada yangu Mahbuba, mkewe, ameniapisha.

Maana Amur ana sifa ya pili: ni adui mkubwa wa mbwa. Zamani, watoto walipookota kijibwa bondeni, alisimama mlangoni kama jemadari. "Ama mimi, ama mbwa!"

Watoto wakafikiri. Wakafikiri muda mrefu mno. Amur akaona bora asisubiri jibu, akasema basi, mbwa akae nje.

Hiyo nje ilidumu mpaka joto la Juni. Simsim, ndilo jina la mbwa, akahamia jikoni, kisha ukumbini, na watoto walipokua wakaondoka, akahamia chini ya kiti cha Amur. Lakini barazani mawaidha yaliendelea: mbwa najisi, malaika hawaingii, na anayemweka ndani hana haya!

Hata ile ndoo ya udongo kando ya bomba la uani aliitolea maelezo. "Nnaotesha bamia," alisema. Mwaka wa tatu huo, hata jani hatujaliona.

Ijumaa iliyopita Mzee Hamdan akachoka. "Amur, leo simu pokea hapa hapa. Na sisi tuyaone hayo mapenzi."

Amur akameza tende na kokwa yake. "Huku netiweki mbovu."

"Jana umenionesha mpira kwa simu hiyo hiyo!"

Simu ikalia. Amur akautupia jicho mlango wa jikoni, alikomfungia Simsim. Umefungwa. Akaweka kilemba sawa, akapokea. Nyuso mbili zikatokea: Badr na ndevu zake mpya, Taghreed ndani ya koti zito.

"Asalaam aleikum, wanangu!" Sauti ya msoma taarifa ya habari.

"Waaleikum salaam, Baba! Sogea kidogo."

"Nisogee wapi?"

"Pembeni! Unamziba."

"Anamziba nani?" akauliza Mzee Hamdan, polepole sana.

Amur akacheka kicheko kikavu. "Wanataka ukuta. Nimeupaka rangi."

"Simsiiim!" akaita Taghreed.

Mlango wa jikoni ukafunguka kwa kishindo. Simsim akavuka baraza, akaruka mapajani mwa Amur, akamlamba kuanzia kidevuni mpaka sikioni, bila haraka, kama mtu aliye kazini kwake. Wazee wakapanda juu ya viti! Na mkono wa Amur, bila kumwomba ruhusa mwenyewe, ulikuwa tayari unamkuna mbwa shingoni.

"Habibi, umekonda!" akalia Taghreed. "Baba, unampa kuku au wali mtupu? Na mguu wake umepona?"

Amur mwenyewe ana mguu kwenye plasta tangu alipoanguka kwenye ngazi. Huo hakuna aliyeuulizia. Niliuona uso wake, na wallahi nilimhurumia, ingawa nilikuwa nacheka.

Mzee Hamdan akashuka kitini, akaenda bombani, akarudi na ndoo. "Shika bamia zako, Amur. Aliyelambwa na mbwa hunawa mara saba, na moja kwa udongo. Kumbe ndiyo maana hazioti!"

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Amur akanyoosha kidole akate simu.

"Baba, usikate!" akapiga kelele Badr. "Mwachie Simsim simu, wewe nenda kanawe."

Amur akaiegemeza simu kwenye birika la kahawa, akahakikisha mbwa anaonekana vizuri, akachukua ndoo yake, akaenda akichechemea.