Piano Isiyo na Kitufe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Iandikwe, na vizazi vyote vya Fizi visome: leo saa nne asubuhi mimi, Anatole, mpiga piano wa kwanza wa R&B kati ya Mboko na Kazimia, nimekata kucha. Zote kumi. (Mke wangu Espérance anasema mimi ndiye wa kwanza, na Mungu akipenda, wa mwisho.) Sababu: piano ya kweli imefika! Ya mbao. Imevuka ziwa kutoka Kigoma, na wanaume wanane wameiingiza kanisani kwetu Baraka wakihema. Miaka kumi na tisa nimepiga kinanda cha umeme, ibada hapa, harusi hadi Kilembwe. Jumapili piano inazinduliwa. Nani atakaa pale? Swali gani hilo.

Jumanne, 4 Juni

Nimeikagua. Ina meno meupe, ina meno meusi. Haina waya. Nimeizunguka mara tatu, nikapiga magoti, nikachungulia chini. Haina kitufe!

Shajara, wewe peke yako unajua. Mimi napiga katika sauti ya do tu. Mama Rosette, kiongozi wa kwaya, huanza wimbo popote koo lake lilipoamkia. Mimi nabonyeza kitufe cha kinanda, mashine inapanda au inashuka yenyewe, mikono yangu inabaki nyumbani. Meno meupe yote, na jeusi moja. Hilo moja ndilo blues.

Pasteur Néhémie ameuliza kama kuna shida. Nimemwambia piano imechoka na safari.

Jumatano, 5 Juni

Gordien! Mrundi, mkulima wa mihogo, anaimba bass mstari wa nyuma, sijawahi kumsikia akisema maneno kumi. Leo amekaa kwenye piano, vumbi la shamba bado miguuni, akapiga wimbo mmoja katika sauti tano tofauti. Meno meusi anayapiga kama mali yake! Mama Rosette ameamua: Jumapili mimi nipige wimbo wa kwanza, Gordien wa pili, kisha kwaya ichague mpiga piano wake wa kudumu.

Nimempongeza. Nimemwambia anapiga vizuri kwa mtu asiye na blues. Akashukuru. Wapole wanaudhi sana.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango. Kama Mama Rosette ataanza katika do, nimepona. Kwa hiyo do imwingie kooni. Nimepita mbele ya meza yake ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni mara tatu, nikiivumisha puani, kila mara nikinunua ndagala ili nisishukiwe. Mara ya tatu akaniangalia kwa huruma.

“Papa Anatole, kifua inakuuma?”

Akanishauri tangawizi. Espérance ameuliza ndagala yote hii inangojea wageni gani.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi. Ameanza katika do! Do kabisa! Nimepiga kama mfalme. Nimempa Gordien mawaidha machache kuhusu kushindwa kwa heshima.

Jumapili, 9 Juni

Ushindi. Kanisa zima lilisimama. Gordien alinisaidia kidogo. Nimechoka, siandiki zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Espérance ameisoma ya jana, akacheka hadi akakaa chini. Amesema niandike kweli au anaandika yeye. Basi.

Nilianza vizuri, katika do. Lakini Mama Rosette aliona watu wamejaa mpaka madirishani, furaha ikampanda, naye akapanda nayo. Akaanzia juu kabisa. Hashukiagi mtu. Kwaya ikamfuata, mimi nikabaki bondeni, nyimbo mbili ndani ya kanisa moja. Watoto wakalia. Pasteur akafumba macho, na hakuwa anaomba. Kidole changu kikakimbilia kitufe cha miaka kumi na tisa, kikagonga mbao. Ko. Ko. Ko.

Gordien akatoka kwenye bass, akakaa ukingoni mwa benchi. Mikono yake ikaipata sauti ya Mama Rosette mara moja. Kisha akakishika kidole changu, akakiweka juu ya jino moja.

“Papa Anatole, piga hii tu. Blues ya hapa iko hii.”

Nikalipiga. Jino moja, wimbo mzima, lakini mahali pake! Lililia kama nilivyolisikia redioni nikiwa kijana. Hapo ndipo kanisa liliposimama. Hilo sikulitunga.

Kwaya ikamchagua Gordien. Mikono yote juu. Hata wangu, sijui ulipandaje.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Wilfried, seremala. Nimemuuliza kama anaweza kuikata piano katikati ili meno yatembee kushoto na kulia, mimi nibaki kwenye do yangu. Ameuliza piano ni ya nani. Nimemwambia ni ya kanisa, watatushukuru baadaye. Alhamisi anakuja kupima. Gordien atakuwa shambani.