Mimi Ndiye Msemaji wa Nabalayo

Jumatatu, 3 Februari
Mke wangu Nabalayo amesema tena. Ijumaa tunaenda kliniki kule Kawangware. Wasipompa jibu la maana, anafunga nguo zake, anarudi nyumbani Kimilili. Miaka miwili anameza dawa ya tezi ya shingo na bado anasikia baridi jua likiwaka. Uso umevimba. Analala akichambua sukuma wiki. Daktari wa kwanza alisema ni uzee. Wa pili akaongeza dawa. Wa tatu akaongeza tena bila kuinua kichwa.

Aende Kimilili! Na mimi nibaki hapa Kibera, Soweto West, na nani? Miaka thelathini na nane tunagombania blanketi moja.

Haiwezekani. Hii kesi nimeichukua mwenyewe. Nilifika darasa la tatu tu, lakini hakuna fundi viatu soko lote la Toi mwenye kichwa kama changu.

Jumanne, 4 Februari
Mpango wa kwanza. Nimemwambia aanguke mlangoni pa daktari. Mtu akianguka anasikilizwa. Nikamwonyesha. Nimeanguka vizuri sana, hata goti limechubuka.

Ameniangalia, akauliza, "Baba Derrick, nianguke na rinda la kanisa?" Halafu akanipaka mafuta kwenye goti. Mikono yake baridi kama maji ya mfereji asubuhi.

Alhamisi, 6 Februari
Okello, fundi cherehani tunayepakana naye sokoni, anasema madaktari husikiliza mtu mwenye koti. Ana moja la kijivu, la mteja ambaye hakurudi. Nimekataa. Tangu lini Okello anajua mambo ya madaktari? Akasema, "Omera, ndugu yangu, na hiyo sweta yako ya matundu watadhani mgonjwa ni wewe."

Nimelichukua. Mikono inaishia karibu na kiwiko. Nikikunja mikono kifuani, haionekani.

Leo pia nimeamka kabla yake. Nimepika chai yangu ile, maziwa bila tone la maji, majani mengi, nikampelekea kitandani na tembe yake kando ya kikombe. Miaka miwili sijakosa asubuhi hata moja. Madaktari wangejua! Mume kama mimi Kibera nzima hakuna.

Ijumaa, 7 Februari
Nimeaibika. Hapana. Nimeshinda, lakini kwa kuzunguka.

Daktari ni msichana mdogo, Wangeci. Nikakunja mikono, nikaanza hotuba. Sijamaliza hata habari za buti za askari nilizowahi kushona, ameinua mkono. "Mzee, ngoja kidogo. Mgonjwa ni mama. Wacha aseme mwenyewe."

Mimi! Na koti!

Nabalayo akafungua leso, akatoa karatasi. Hakuwa ameniambia ana karatasi. Akasoma polepole. Kwa nini dawa inaongezwa na yeye hapati nafuu? Damu yake ikipimwa inasema nini, na kwa nini haonyeshwi? La tatu halikuwa swali. Alisema asiambiwe tena ni uzee, kwa sababu uzee anaujua, na huu si wenyewe.

Yule msichana akaweka kalamu chini. Akamwonyesha nambari zote, moja moja. Halafu akamwuliza huwa anameza dawa na nini.

Nabalayo akaangalia sakafu. Akasema, na kitu moto.

Kitu gani moto?

Akakunja ile karatasi. Nikaona ameshindwa. Nikasimama kumwokoa. "Chai yangu, daktari! Maziwa matupu! Kila asubuhi!"

Kumbe chai na maziwa huzuia hiyo dawa kuingia mwilini. Inamezwa na maji, tumbo likiwa tupu, halafu mtu anangoja saa nzima. Miaka miwili! Daktari akapunguza dawa kidogo, maana sasa itaingia yote, akasema damu ipimwe tena baada ya wiki sita. Mengine sikusikia. Nabalayo alikuwa amenishika mkono, pale koti linapoishia, na hakuachilia mpaka tulipofika Riruta, njiani kurudi nyumbani.

Nyumbani nimeiona karatasi mezani. Kuna swali la nne, hakulisoma. Nimelisoma herufi kwa herufi. Je, chai ya maziwa inaweza kuharibu dawa? Baba Derrick anaipika kwa roho safi, sitaki aumie.

Maskini, alilisahau. Bahati yake nilikuwepo.

Jumamosi, 8 Februari
Nabalayo atangoja hizo wiki sita. Hafungi nguo. Amesema ameonyeshwa njia, sasa atembee aone inafika wapi.

Asubuhi alishameza dawa na maji kabla sijafungua macho! Tukakaa kitandani tukingoja saa yake iishe, miguu yake baridi kwenye mapaja yangu. Saa nzima ni ndefu, watu hawajui. Akaniambia nisijilaumu. Nikamwuliza nijilaumu kwa nini, si ni mimi niliyegundua mambo ya chai? Amecheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka juzi.

Kesho nitaamka saa kumi na moja, nimtangulie. Chai imekatazwa, sawa, mimi ni mtu wa kutii daktari. Uji hakuutaja. Nimeshanunua maziwa, lita moja.