Bibi Harusi Ameganda

Jumatatu, 2 Agosti 1999

Nimeokoka! Mdudu wa mwaka elfu mbili hanipati tena. Asubuhi nimeitia kompyuta yangu mfumo mpya. Rafiki yangu Massoud ndiye aliyeniletea diski yake kutoka Mombasa. Imeandikwa kwa kalamu ya mkono, lakini inang'aa. Redio imesema kompyuta zenye mfumo wa zamani zitapigwa na butwaa mwaka ukigeuka. Zipigwe. Yangu haimo.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Massoud. Nakishukuru hata kiwanda cha magunia kilichotupunguza kazi, maana bila kupunguzwa ningeinunuaje kompyuta hii kwenye mnada wa vitu vyao?

Faida imeonekana papo hapo. Herufi zimekuwa kubwa! Zamani nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi, leo neno moja linajaza nusu ya kioo. Rangi nazo zimepunguzwa, zimebaki zile za lazima. Huu ndio mfumo wenye adabu, umejua mwenye nyumba si kijana. Nikapiga sijida ya shukurani hapo hapo kwenye mkeka. Mke wangu Mastura akauliza ni nani aliyezaliwa.

Mchana nimetundika kibao mlangoni: MIRAJI, DAKTARI WA ELFU MBILI. Mpango wangu ni huu: ofisi zote za Tanga zitakuja kutibiwa kompyuta zao kabla ya Desemba, na daktari ni mmoja. Jirani yangu Shekhe akapita. Shekhe ni jina tu, kazi yake ni kuonyesha mikanda ya video pale kwake. Akasoma kibao pole pole, kisha akauliza kama natibu na mbuzi. Husuda hiyo.

Alasiri akaja Bi Samiha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia akiwa bado amesimama, mkono umeshika kitu ndani ya buibui. Kumbe ni diski! Binti yake wa pekee, Tuhfa, ameolewa Maskati mwezi uliopita. Pasi ya Bi Samiha haikutoka kwa wakati, harusi ikapita mama hayupo. Sasa wakwe wamemletea harusi yote ndani ya diski moja, na deki ya Shekhe hula mikanda tu. Mtaa wetu wote wa Nguvumali, mwenye mashine ya kuicheza ni mimi. Jumamosi Bi Samiha anapanda boti kurudi kwao Pemba, kijiji kisicho na umeme. Akasema yeye hataki makubwa, ataka amwone mwanawe kwenye kiti cha harusi, basi.

Nikamwambia kesho ataona mpaka kope za bibi harusi. Nimeapa. Nashukuru kuwa mtu wa kutegemewa.

Jumanne, 3 Agosti

Sharti moja limenipata. Hiyo ni harusi ya upande wa wanawake. Vichwa wazi, mikono wazi, wanacheza kwa raha zao. Bi Samiha amesema jicho la mwanamume lisifike. Haki yake. Nikatundika shuka katikati ya chumba, nikatia diski huku nimefumba macho, nikatoka nyuma ya shuka kwa kupapasa ukuta. Mfumo mpya una kiherehere kizuri: diski ikiingia tu, unaanza kucheza bila kuulizwa.

Muziki ukatoka safi! Vigelegele vya Maskati vikajaa chumbani. Nikajipongeza. Kisha nikagundua upande wa pili wa shuka hakuna anayeitikia vigelegele.

Mastura akaanza kunipa habari. Picha ni vigae vigae. Bibi harusi hajulikani pua ni ipi na pete ni ipi. Wanaocheza wanasimama mguu mmoja hewani, kisha wanarukia upande wa pili wa ukumbi. Sauti imeshafika kwenye dua, picha bado iko mlangoni inavua viatu. Bi Samiha, kwa heshima zake, akasema labda ndiyo mitindo ya Maskati siku hizi.

Nikasema ni vumbi. Nikafumba macho, nikaitoa diski, nikaifuta kwa kanga ya Mastura, akanikataza, nikaifuta kwa fulana. Hakuna tofauti. Nikaipaka dawa ya meno na kuisuuza. Mastura akasema sasa bibi harusi ni vigae vile vile, ila chumba kinanukia. Nikachomoa friji ili umeme wote uende kwenye picha. Samaki wameharibika, picha haikubadilika.

Bi Samiha aliondoka ameishika diski yake kwa mikono miwili. Hakulalamika. Ningependa angelalamika kidogo. Hata hivyo nashukuru, kwani baada ya kuitoa diski niliiangalia kompyuta kwa macho yangu, na herufi bado ni kubwa. Mashine nzima kabisa. Ugonjwa uko kwingine.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeugundua ugonjwa! Nimshukuru nani zaidi ya Mastura? Asubuhi Bi Samiha alirudi tukajaribu tena, na Mastura akasema nyuma ya shuka: imeganda. Nikamwuliza vipi. Akarudia: picha inaganda, inaachia kidogo, inaganda tena.

Inaganda! Ndivyo ilivyofanya hata jana, akili yangu ikapitwa. Tuko Agosti, kipupwe kimetushika, hata mafuta ya nazi ndani ya kabati yameganda yamekuwa meupe. Mafuta yakiganda, mtu wa Tanga hufanyaje? Hampigii kelele fundi. Huyaanika.

Nikalibeba kasha la kompyuta mpaka barazani, nikalilaza kwenye jamvi, ubavu umeelekea jua. Upande wa kushoto chupa ya mafuta, upande wa kulia kompyuta, ili nijue kiasi. Mafuta yakiyeyuka na yenyewe itakuwa imeyeyuka. Bi Samiha akakaa kwenye kigoda akingoja, tasbihi mkononi. Aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nikamwonyesha chupa.

Shekhe hakosi. Akasimama, akauliza kama ikikauka vizuri itapikwa kwa nazi au kwa ukwaju. Kisha akamgeukia Bi Samiha, akamwamkia kwa unyenyekevu wa kuazima, akamwambia ameagiza Mombasa deki ya kuchezea diski, inafika wiki ijayo, atamwonyesha kwenye televisheni kubwa. Moyo ukanipasuka. Bi Samiha akamjibu wiki ijayo yeye hayuko. Alhamdulillahi kwa Shekhe kuchelewa!

Adhuhuri mafuta yakayeyuka. Nikairudisha kompyuta ndani, nikaiwasha. Kimya. Nikaipapasa ubavu, nusura niungue. Mastura alichukua kipepeo cha jikoni akaanza kuipepea, na mimi nikaona bora nitoke nje.

Jioni ilipopoa ikawaka tena. Nani asiyeshukuru? Tukajaribu. Bado inaganda. Bi Samiha akafunga buibui lake akasema kwa sauti ndogo kwamba Mungu hakuandika, yeye ameshamwona mwanawe tangu alipozaliwa, inatosha. Haitoshi. Kila mtu chumbani alijua haitoshi.

Alipotoka, Mastura akanijulisha kwamba amempelekea salamu Fundi Tadeo wa Muheza. Nimeudhika! Daktari aitiwe daktari? Baada ya kula nikatulia. Nikamshukuru, kimoyomoyo.

Alhamisi, 5 Agosti

Tadeo kafika na basi la asubuhi, kifurushi cha machungwa mkononi na bisibisi mfukoni. Zamani alitengeneza taipureta za maofisi. Nikampa masharti: asitazame kioo, akae kakipa mgongo, Mastura atamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama diski ya harusi iko ndani. Nikamwambia hapana, anayo mwenyewe Bi Samiha. Akauliza, sasa wanawake wako wapi? Nikaangalia. Kwa kweli hawakuwapo.

Akageuka, akatazama kioo. Akauliza ni nani aliyezifanya herufi kubwa hivi. Nikamweleza kwa furaha kuhusu heshima ya mfumo mpya, na rangi za lazima. Tadeo akaweka chungwa chini. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mastura naye akacheka, ingawa nina hakika hakujua kinachochekwa.

Kumbe ndiyo ugonjwa wenyewe! Mfumo mpya haukuitambua kadi ya picha iliyomo ndani ya kasha, ukawa unachora kwa kubahatisha, kwa herufi kubwa na rangi za kuhesabika. Kuandika unaweza. Harusi hauiwezi. Nimekuwa nikishukuru kwa kilema tangu Jumatatu. Tadeo akasema kila kadi ina programu yake, na ya kwangu ilikuja na kompyuta kwenye diski ndogo nyeusi. Iko wapi?

Niliitupa. Jumatatu, pamoja na takataka zote za mfumo wa zamani.

Nikakaa chini. Nikaiona boti ya Jumamosi inaondoka na Bi Samiha hajaona kitu. Mastura akaingia chumbani, akarudi na diski ndogo nyeusi imefungwa kwenye leso. Akamwambia Tadeo, si mimi, kwamba katika nyumba hii kila kinachotupwa na Baba Asmaa, ndiye mimi, yeye hukiokota siku ile ile. Ee Mola, kwa mke huyu nitalipa nini?

Tadeo akaitia, akazima, akawasha. Herufi zikasinyaa zikawa sisimizi. Rangi zikamwagika. Bi Samiha akaitwa, shuka likashushwa, tukatoka wanaume wote mpaka barazani.

Sijui nilichokitarajia. Nilisikia muziki, kisha nikasikia Bi Samiha anaongea. Haongei na Mastura. Anaongea na picha. Tuhfa, mwanangu, inua uso nikuone. Mie mamako. Nani kakutia wanja hivyo, mbona wapendeza? Kaa vyema, mwanangu, shali inakuanguka. Halafu, kana kwamba amejibiwa, akapiga kigelegele kimoja, kirefu, cha peke yake. Mastura akamwitikia. Majirani wakaitikia kutoka madirishani bila kujua ni cha nini.

Mimi nimelia. Nasema wazi. Tadeo alinipa chungwa nishike nisionekane nimekaa bure. Shekhe alikuwa amesimama mlangoni kwake, naye alipenga kamasi, akasema ni mafua ya kipupwe. Leo nimempenda hata Shekhe.

Bi Samiha alitoka macho mekundu, akaniwekea mkono kichwani, mtu mzima kama mimi, akaniombea dua ndefu. Amesema boti ya Jumamosi iende, atapanda ya Jumanne. Kesho baada ya isha anakuja kutazama tena, na dada zake wawili atawapigia simu Pemba wavuke leo usiku ili nao wamwone Tuhfa. Tadeo alipokuwa akiondoka alinishika bega akaniomba, kwa jina la Mungu, nisiguse chochote kwenye mashine mpaka wageni waende zao. Nimemuahidi.

Ijumaa, 6 Agosti

Siku ya baraka! Dua za Bi Samiha zimeanza kujibu. Msikitini watu wananiita Daktari. Dada zake wameshafika, nimewaamkia, wote wawili wamenishukuru hata kabla ya kuona. Machozi yakanilenga tena. Nikawa najiuliza wema huu nitaulipaje. Picha ya jana ilikuwa nzuri, lakini wanawake waliovuka bahari hawastahili nzuri tu. Wanastahili nzuri zaidi.

Na Mungu si Athumani! Natoka msikitini, nakutana na nani? Massoud, anashuka kutoka Mombasa. Mkononi ana diski mpya. Mfumo ule ule, toleo la pili! Amesema makosa yote ya lile la kwanza yamesafishwa, hadi mwaka elfu tatu hakuna mdudu.

Ahadi yangu kwa Tadeo naikumbuka vizuri. Sijagusa chochote ndani ya mashine. Nimeitia diski tu. Mastura yuko jikoni anawakaangia wageni mihogo, sijamsumbua kwa maswali. Ile diski ndogo nyeusi nimeipa Massoud kama zawadi, maana toleo la pili linajitegemea, na mtu anayekufikiria namna hii humwachi arudi mikono mitupu. Ameondoka nayo na basi la alasiri.

Adhana ya isha inakaribia. Wageni wameshaketi, vigoda vimepangwa, nawasikia wanaulizana Tuhfa amefanana na nani. Toleo la pili limeingia mpaka nusu bila tatizo hata moja. Sasa kioo kimekuwa cheusi na feni imenyamaza. Alhamdulillahi, inapumzika.