Aliyeanguka Paani Kwangu

Jamani, leo nimeaibika mpaka mbuzi wamenigeuzia mgongo.

Asumani, sogea nikae. Nataka kusema mwenyewe, tangu mwanzo, kabla hamjasikia kwa wanawake wanaoteka maji mtoni. Wao wataongeza chumvi, na chumvi hapa Kindu ni ghali. (Tayari kuna anayesema nililia. Sikulia. Lilikuwa vumbi la nyasi.)

Nyumba yangu mnaijua. Kuta nne, pembe nne, baraza mbele, si kibanda cha duara kama cha mvuvi. Mnajua pia kwa nini nimeijenga. Mwinyi Saleh alisema wazi mbele ya watu: binti yake Mwayuma haolewi na mtu anayelala kwenye nyumba ya kupanga. "Kwanza paa, halafu posa." Basi nikatafuta paa.

Leo ndiyo ilikuwa siku yake ya kuja kuiona. Yeye, ndugu yake mwalimu wa Kurani, na wanawake wa nyumbani kwake. Ndani nimeshaweka kitanda cha kamba mpya, na juu yake shuka ya merikani ambayo hata mimi sijailalia. Nimevaa kanzu nyeupe. Kofia nimeiweka upande kidogo, kama watu wa pwani wanavyofanya. (Nimewaambia wote kwamba kwetu ni pwani. Nanyi mkaamini. Au mlikaa kimya kwa adabu, sasa sijui.)

Kilichobaki ni mgongo wa paa. Okito alikuwa juu tangu asubuhi, anaezeka. Okito mnamfahamu, yule mpole wa kabila la Wakusu anayeimba akifunga kamba. Nusu ya nyumba za mji huu hazivuji kwa sababu yake. Alipoanza kazi aliniomba ngazi mbili, moja mbele, moja nyuma. Nikamwambia, "Ngazi ya pili ya nini? Wewe una miguu minne?" Tukacheka. Nilicheka zaidi mimi.

Basi ngazi ilikuwa moja. Imeegemezwa nyuma ya nyumba.

Sasa sikilizeni ujinga unavyoanza. Mimi nilikuwa nimechongesha ubao wa kuweka juu ya mlango. Maua, minyororo, mambo ya pwani. Nilitaka Mwinyi Saleh akiinua macho aone kwamba hapa anaingia kwa mtu. Tangu juzi nasema nitaupachika, sikuupachika. Leo nasimama mlangoni, natazama chini kuelekea mtoni, naona mwavuli. Mwavuli wa Mwinyi Saleh! Anapanda njia, polepole, na watu nyuma yake.

Na ubao uko chini, umeegemea ukuta kama mlevi.

Nikarukia ubao. Sikufika juu ya mlango. (Mimi si mrefu. Tusizungumzie hilo.) Nikapanda kinu, kinu kikapinduka. Nikakimbia nyuma, nikashika ngazi, nikaitoa.

Okito akaniona kutoka juu.

"Bwana! Ngazi!"

"Ngoja!"

"Bwana, ninataka kushuka, kamba imeniishia!"

"Ngoja, nimesema!"

Nikaenda mbele nayo mbio. Nikapanda, nikapachika ubao, nikagonga vigingi viwili kwa jiwe. Nikashuka kuutazama. Ulikuwa umekaa sawa. Wallahi ulipendeza. Nilisimama kuutazama kwa furaha, na nikiwa nimesimama hivyo nikasikia nyasi zinakwaruza, halafu kitu kizito kikaanguka nyuma ya nyumba. Puu!

Halafu mtu akalia. Mara moja tu. Fupi.

Nitawaambia nilichofikiri, maana ninyi ni rafiki zangu, na nikificha mtajua tu. Sikufikiri, "Okito ameumia." Nilifikiri, "Ngazi iko huku!" Nikaitupia begani nikatimka nayo. Nilitaka niirudishe pale pale, niiegemeze ukutani, ionekane haijatoka. Mtu ameteleza, basi, kudura ya Mungu.

Nikapinda pembe ya nyumba.

Watu wote wako pale.

Wamesikia kilio wakapita upande wa pili, ule mfupi. Mwinyi Saleh na mwavuli wake. Mwalimu. Wanawake na kanga zao vichwani. Na Okito chini, amelala ubavu, mguu wake wa kulia umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Hakupiga kelele. Alikuwa ametoka jasho usoni, anauma nyasi.

"Ramazani," Mwinyi Saleh akasema. "Nini hii?"

Hapo mtu mwenye akili angesema, "Nimekosa." Neno moja. Ulimi wangu ukachukua njia nyingine.

"Sijui, Mwinyi. Mimi nilikuwa mlangoni nawangoja. Nimesikia kishindo tu."

"Mtu huyu ni wa nani?"

Mnajua swali hilo lina maana gani siku hizi. Ukiulizwa mtu ni wa nani, anayemtumikisha ndiye atakayelipa kila hasara. Nikaona mlango umefunguka.

"Si wangu, Mwinyi. Alipanda mwenyewe."

"Alipanda kwa nini?"

"Anapenda kupanda." (Ndiyo, nilisema hivyo.)

"Kwa kitu gani alipanda?"

"Kwa ngazi."

"Na hiyo ngazi iko wapi?"

Nikatikisa kichwa kwa huzuni. "Nami najiuliza, Mwinyi. Mji huu umejaa wezi."



Halafu mwanamke mmoja akacheka. Alijaribu kukizuia kicheko na kanga, kikatokea puani. Sura yake sikuiona, lakini kicheko nilikijua. Mwayuma. Kicheko kile nimekisikia mara nyingi nyuma ya ua nikipita, na kila mara nilidhani ananichekea. Leo nimejua tofauti ya kumchekea mtu na kumcheka.

Wote wakafuata. Mwinyi Saleh tu hakucheka. Alikuwa anatazama bega langu. Nami nikageuka nione anatazama nini, na ngazi ikageuka nami, ikampiga mwalimu kofia, kofia ikaenda kwenye majivu.

Nilikuwa nimeibeba, jamani. Muda wote. Nalia wezi, na mali ya wizi iko begani.

Ningependa kisa kiishie hapo. Hakikuishia.

Dada yake Okito akafika. Mama Feza, yule anayeuza vyungu kule chini. Mtu alikuwa amemkimbilia. Alipita katikati yetu kama hatupo, akapiga magoti, akamshika ndugu yake kichwa, wakasemezana kwa lugha ya kwao, polepole. Akaugusa mguu. Ndipo akainuka, na alipoinuka nikaona jinsi alivyo mrefu.

"Alikuwa anafanya kazi kwa nani?"

Watu wote wakanitazama. Ngazi sasa nilikuwa nimeitua.

"Mama Feza," nikasema, "pole sana. Hili ni jambo la Mungu. Nitakupa kitambaa kizuri na kuku wawili, na vijana wa kumbeba mpaka kwako."

"Kitambaa kitamupandia paa? Kuku watatembea na muguu wake?"

Nikatazama chini. Nani ana jibu la hilo?

"Hatoki hapa," akasema. "Kwetu, muntu akivunjika kwa muntu, anaponea kwa ule muntu. Mpaka atembee."

Nikamgeukia Mwinyi Saleh. Nilijua yeye ni mtu wa dini na wa mji, ataniokoa. Nikavuta kanzu, nikasafisha koo. "Mwinyi, hizo ni desturi za hawa watu wa msituni. Sisi watu wa pwani, sheria yetu..."

"Pwani gani, Ramazani?"

"Mwinyi?"

"Baba yako alikuwa ananiuzia muhogo kule Tunda, msituni. Wewe ulikuwa unaubeba, unalia njia nzima."

Hapo kicheko cha pili. Hiki hata mwalimu alicheka, na kofia yake bado iko majivuni.

Lakini Mama Feza hakucheka. Alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyeona kitu chake kilichopotea. "Tunda? Wewe ni wa Tunda? Kumbe ni wa kwetu!" Akaniuliza kwa lugha ya nyumbani jina la mama yangu. Na mimi, bila kufikiri, kwa lugha ile ile, nikamjibu! Lugha ambayo nimewaambia ninyi siijui hata neno moja.

"Vizuri," akasema. "Basi desturi unaijua."

Wakamwinua Okito. Wanaume wanne, juu ya mlango wangu mpya walioung'oa kwenye bawaba zake bila kuniuliza. Nikawakimbilia mbele.

"Mnampeleka wapi?"

"Ndani."

"Ndani kuna kitanda cha harusi!"

"Njo hicho hicho tunataka," Mama Feza akasema.

Walipita chini ya ubao wangu wa maua. Hakuna aliyeinua macho kuutazama.

Akaja mganga wa mifupa, mzee wa Alunguli, ng'ambo ya mto, aliyevushwa kwa mtumbwi. Akaunyoosha mguu. Nilimshikilia Okito mabega, kwa sababu Mama Feza aliniambia shika, na mimi leo nafanya ninachoambiwa. Hapo ndipo Okito alipopiga kelele. Sitaki kuisimulia kelele ile. Mzee alifunga vipande vya mti na kamba, kamba zile zile za paa langu, akasema mfupa utaunga lakini hautaunga sawa. Atatembea. Kupanda, hapana. Kupanda asahau.

Mtu anayeishi kwa kupanda.

Nilipotoka nje Mwinyi Saleh alikuwa bado anasubiri. Nikajikaza. Nikasema, "Mwinyi, nyumba umeiona?"

"Nyumba nimeiona," akasema. "Na mwenye nyumba nimemwona."

Juu ya posa hakusema neno. Aliokota kofia ya ndugu yake, akaipangusa majivu, akafungua mwavuli, wakaondoka. Mwayuma alikuwa wa mwisho. Nilidhani atageuka. Aligeuka kweli. Alitazama dirisha la chumba alimolala Okito, akasema "Pole," na haikuwa yangu.

Sasa nisikilizeni, hapa msicheke bado.

Mama Feza alikwenda kuchota maji, nikabaki na Okito peke yetu. Nikampa kata ya maji. Akanywa. Nikamwekea mto. Nikasema maneno mengi, mnanijua nikiwa na haya, maneno yanazidi. Aliningoja mpaka nikaishiwa.

"Bwana," akasema. "Niliita?"

"Uliita."

"Ulisikia?"

Ningeweza kusema sikusikia. Kulikuwa na kugonga vigingi, kulikuwa na kukimbia. Angeamini, au angenisamehe bila kuamini, maana ndivyo alivyo. Ulimi wangu ulikuwa tayari, ule ule wa asubuhi.

"Nilisikia," nikasema.

Akatazama juu, kwenye fito alizozifunga mwenyewe, na pale mgongoni ambapo hapajaisha mbingu inaonekana. "Basi," akasema. Akageukia ukuta.

Hakunitukana. Angenitukana ningelala vizuri leo.

Na kulala kwenyewe nitalala wapi? Maana tangu alasiri wamekuwa wakiingia. Mama mdogo wa Okito na vyungu vyake. Binamu na mkeka. Bibi mmoja ambaye hakuna anayejua ni ndugu wa nani, amekaa kwenye baraza yangu anachambua mboga, akaniuliza mimi nimekuja kumwona mgonjwa? Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba. Akasema, "A, wewe njo yule," akaendelea na mboga.

Mama Feza amenipangia kazi. Kesho natwanga mpunga. Kinu ni changu, lakini mchi hautanisamehe. Keshokutwa ninakwenda shambani kwa Okito kupalilia, kwa sababu mihogo haingoji mguu wa mtu. Na mgongo wa paa ni juu yangu kuumaliza kabla ya mvua, mimi mwenyewe, juu, na bibi yule amejitolea kunishikia ngazi. (Sijui kama alitabasamu. Meno hana, ni vigumu kujua.)

Nilimwambia Mama Feza, "Dada, itakuwa mpaka lini?" Nilisema dada, si Mama Feza, ili nimlainishe. Akasema, "Mpaka atembee, ndugu yangu." Akalitia "ndugu yangu" uzito kama jiwe la kusagia.

Basi ndiyo hayo. Asumani, nipishe kwenye mkeka wako, hata ukingoni, nalala hapa kwenu. Na ninyi wengine naona mabega yenu yanavyotikisika, msidhani giza linawaficha. Chekeni, lakini polepole. Kati ya hapa na nyumba yangu ni ua tu, mgonjwa amelala, na dada yake hajalala.