Skrubu Sita za Pampushka

Wendell Krahn alikuwa kwenye foleni ya soseji katika duka la nyama huko North End, Winnipeg, alipoliona tangazo ukutani. Liliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mkono wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa viboko: "Natafuta mtu mwenye nguvu na sururu. Paka wangu amefariki. Bi Olha Pawlyshyn." Chini yake palikuwa na anwani.

Mtu mwingine angesikitika, au angecheka, maana ilikuwa Januari, baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri, na ardhi ilikuwa imeganda kiasi cha kuvunja sururu na mwenye sururu. Wendell hakufanya lolote kati ya hayo. Alilisoma mara mbili, akalibandua, akalitia mfukoni asije akaliona mwingine. Alipofika mlangoni na soseji zake alikuwa tayari mkurugenzi wa kampuni.

Kampuni iliitwa Safari ya Heri. Ilikuwa na kadi hamsini, tai moja nyeusi na mfanyakazi mmoja. Tanuri haikuwa nalo, lakini Wendell hakuona kama hilo ni tatizo. Wafiwa hawaoni moto, aliwaza; wanaona majivu, na majivu yamejaa tele kwenye jiko la kuni la shemeji yake.

"Nilitaka mtu wa sururu," Bi Olha alimwambia mlangoni, akiitazama ile tai.

"Mama, sururu kwa ardhi hii? Ukisubiri kuzika utazika Mei. Sisi tunachoma. Peke yake, kwa heshima zote, bila kuchanganywa na mbwa wa watu."

"Kumbe kuna wanaochanganya?"

"Sitaji mtu jina." Wendell aliteremsha sauti. "Alikuwa na uhusiano gani na mbwa, marehemu?"

"Aliwachukia."

"Basi unaona mwenyewe."

Marehemu aliitwa Pampushka, jina la kimandazi cha kitunguu saumu, na kweli alikuwa mnene wa kustahili. Alikuwa kwenye friza, amefungwa shali ya Jumapili, katikati ya pirohi, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, na bata mzinga aliyesahauliwa Krismasi. Miaka kumi na saba alikuwa amelala kitandani kwa Bi Olha, na minane ya mwisho alilala upande wa Stefan, mumewe, ambaye alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Bi Olha alieleza yote hayo bila kulia, huku mkono wake ukiwa juu ya shali.

"Pesa sina, mwanangu," alisema. "Lakini atakayemchoma Pampushka wangu vizuri, nitampa gari la Stefan. Mimi siendeshi."

Akamwonyesha. Ndani ya banda, chini ya blanketi tatu, lilikuwapo Buick la mwaka 1978, jekundu, refu, viti vya ngozi, halijaguswa hata siku moja na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Wendell alilizunguka taratibu, akiligusagusa. Gari lake lilikuwa limekufa hita tangu majira mawili ya baridi yaliyopita. Aliendesha amejifunika blanketi, huku akikwangua barafu kwenye kioo kwa upande wa ndani. Kwa hiyo alimbeba Pampushka kama anabeba yai, na hapo hakuwa anaigiza.

Alimpeleka kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo Januari ilifanya kazi ya friza bila kudai umeme, akamweka rafuni. Mambo ya Mei yangeshughulikiwa Mei.

Alichosahau ni kwamba Bi Olha alikuwa na mdomo. Kila Alhamisi, katika chumba cha chini cha kanisa, akina mama arobaini walikusanyika kutengeneza pirohi za kuuza, na Januari nzima mji ule una paka waliokufa wanaosubiri ardhi ilegee. Wiki haikuisha kabla akina mama watano hawajampigia simu. Hao walilipa taslimu. Wendell alizipanga maiti tano pembeni ya Pampushka, na pesa zao akanunulia betri mpya na matairi manne ya theluji, saizi ya Buick. Alijiona mtu anayepanga maisha yake.

Siku ya sita alimpelekea Bi Olha kisanduku cha mbao pamoja na cheti chenye sahihi yake, kinachosema kwamba Pampushka alichomwa tarehe kumi na sita, peke yake, katika tanuri la kampuni.

Bi Olha alikipima kisanduku mkononi. Akakifungua, akachota kidogo kwa vidole, akasugua.

"Laini."

"Tanuri letu ni la kisasa, mama."

"Bamba liko wapi?"

"Bamba gani?"

"Alipokuwa na miaka sita alianguka kutoka ghorofani. Daktari akamtilia bamba la chuma kwenye paja, na skrubu sita. Mimi na Stefan tulikula viazi mwaka mzima kwa ajili ya mguu ule."

Wendell hakupepesa jicho. Katika kazi yake, anayepepesa amekwisha.

"Ah, hilo! Vyuma huwa tunavitenga, mama. Sheria ya afya. Kesho nakuletea mwenyewe."

Alikwenda moja kwa moja duka la vifaa vya ujenzi, akanunua kibamba kidogo na skrubu sita, akavichoma kwa moto wa gesi mpaka vikageuka rangi. Vilipopoa alivitazama akafurahi kama fundi aliyemaliza kazi.

Kesho yake Bi Olha alizihesabu juu ya kitambaa cha meza. Sita. Wendell akapumua. Kisha yule mama akainuka, akaenda kwenye friji, akabandua sumaku yenye umbo la alizeti iliyokuwa imeshika bili ya umeme, akaisogeza. Bamba na skrubu zote sita zikairukia.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "nilichemsha vyombo vya upasuaji hospitalini. Chuma wanachomtilia kiumbe mwilini hakishikwi na kisumaku cha friji."

"Labda ule moto, mama, unajua joto likizidi..."

"Kaa chini."

Akakaa. Bi Olha akakitandaza cheti mezani, akakilaza vizuri kwa kiganja.

"Alhamisi nitawasomea wenzangu hiki. Wako arobaini, kila mmoja ana fimbo yake ya kusukumia unga."

"Na polisi?" Wendell aliuliza.

"Polisi watapewa kitakachobaki." Halafu uso wake ukabadilika, na ghafla alionekana mzee sana. "Yuko wapi? Umemtupa?"

Wendell alikuwa na uongo mzuri wa kutosha mkononi. Sijui kwa nini hakuutumia.

"Hapana, mama. Yuko kwangu, rafuni. Wote wako pale."

"Na shali?"

"Anayo."

Ilikuwa ni shali ya sufu safi, ingeuzika. Alikuwa ameiacha, na sababu hakupenda kuitafuta.

"Kesho asubuhi utanipeleka kwenye tanuri la kweli," alisema Bi Olha. "Na wale watano pia. Utalipa wewe. Tutakwenda na gari la Stefan, kwa sababu lako nitafia ndani."

Usiku ule Wendell alipiga hesabu zake akatulia. Moto wa paka sita ungemkausha mifuko, sawa. Lakini Buick lilikuwa Buick. Asubuhi alifunga betri yake na matairi yake manne, akipiga mluzi, na gari likawaka mara ya pili.

Tanuri lilikuwa kilomita arobaini nje ya mji, jengo la bati katikati ya mashamba yaliyofunikwa theluji. Mchomaji alikuwa Rhonda Sigurdson, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, glavu za ngozi hadi kwenye viwiko, maneno machache. Alimfunga kila paka kisahani cha chuma chenye namba yake. Alipofika kwa Pampushka aliuliza, "Na shali?"

"Na shali," alisema Bi Olha.

Walisubiri nyuma ya kioo. Siku nzima ilipita hivyo, paka mmoja mmoja, Bi Olha wima kwenye kiti, mkoba magotini. Jioni Rhonda akatoka na kisanduku, kisahani, na bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na bamba jeusi na skrubu sita. Bi Olha akatoa ile sumaku ya alizeti mkobani, akaisogeza. Hakuna kilichotikisika.

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, bila haya, kisanduku kifuani, na Wendell akatazama viatu vyake. Alijisikia vibaya. Kisha, kwa kuwa alikuwa Wendell, akakohoa.

"Sasa, mama, kuhusu ile ahadi yetu ya gari..."

"Sijasahau." Bi Olha alijifuta macho, akatoa funguo, akampita. "Nilisema nitampa atakayemchoma vizuri. Binti yangu, shika."

Rhonda alizitazama funguo, akatazama dirishani.

"Lina hita?"

"Linayo. Matairi mapya. Betri pia mpya."

"Betri yangu!" Wendell alipiga kelele. "Matairi yangu!"

"Una risiti?" aliuliza Bi Olha. "Tutazisoma Alhamisi, pamoja na cheti."

Wendell akayakusanya masanduku ya wale paka watano. Nje giza lilikuwa limeshaingia, upepo unavuma kutoka kaskazini, na barabarani hapakuwa na gari lingine. Rhonda alivua glavu, akasema anaelekea mjini, nafasi ipo. Bi Olha alikaa mbele na kisanduku chake. Wendell alipewa kiti cha nyuma, masanduku matano mapajani, na kabla hawajaondoka akaambiwa afunge mkanda.