Nataka Namba Fupi

Jumatatu, 6 Mei

Nimepata kazi! Kabla ya kumaliza kahawa! Bi Odessa Tunnell, muuza maua wa hapa Georgetown, anatafuta dereva wa gari lake la kusambazia maua. Jumapili ni Siku ya Akina Mama, siku ambayo Delaware nzima hukumbuka kwa mpigo mmoja kwamba ina mama. Nimletee leseni ya jimbo hili kufikia Ijumaa jioni, kazi ni yangu. Ile niliyokuja nayo kutoka Ohio iliisha muda Februari. Sikuwa na habari. Nilidhani zinajiongeza zenyewe.

Dada Nadine, ambaye kochi lake nimelilalia tangu nihamie huku, amefurahi kuliko mimi. Amelipapasa lile kochi kama mtu anayekaribia kurudishiwa mali yake.

Jambo moja la ajabu. Gari la Bi Odessa ni kuukuu, mlango umebonyea, lakini watu wakilipita wanaliangalia kwa heshima. Hapana, gari hawaliangalii. Wanaangalia nyuma, kwenye kibao cha namba. Huku gari huvaa kibao kimoja tu. Chake kimeandikwa 212. Basi! Tarakimu tatu! Lazima nijue kuna nini.

Jumanne, 7 Mei

Nimejua. Jirani yetu, mzee Harlan Truitt, kila asubuhi hutoka nje akafuta kibao cha gari lake kwa kitambaa cha miwani. Gari lenyewe halifuti. Namba yake ni 4417, ya tangu enzi za babu yake, kibao cheusi chenye rangi ngumu kama ile ya vikombe vya bati vya zamani. Akanifafanulia polepole, kama anafundisha mtoto kufunga viatu. Namba ikiwa fupi, maana yake ukoo wako uliendesha gari wakati wengine wanasukuma punda. Namba hurithiwa. Kuna ndugu wamenuniana makaburini kwa ajili ya namba.

Nikauliza, je, mimi nikisajili gari langu nitapewa ngapi? Akacheka mpaka akashika uzio. “Wewe? Wewe utapewa namba ya simu, kijana!”

Kijana! Nina miaka hamsini na minne.

Nikaenda kwenye mgahawa kufanya uchunguzi. Nikakaa dirishani na kutazama kila gari linaloegeshwa. Mwenye tarakimu tatu aliletewa pai ya pichi kabla hajavua koti. Mwenye nne aliulizwa hali ya mkewe. Mwenye sita aliambiwa pai imekwisha. Pai niliiona. Haikuwa imekwisha.

Nimeamua. Sitaki leseni tu. Nataka 212. Marehemu Bwana Tunnell hana haja nayo tena, na hawakujaliwa watoto. Bi Odessa akinizoea, ataniachia. Mpaka siku hiyo, gari langu halivai namba ya simu!

Jumatano, 8 Mei

Ofisi ya magari. Wakataka uthibitisho kwamba ninaishi hapa. Nikamleta Nadine. Karani, binti mpole sana, akasema dada si hati. Nadine akarudi nyumbani, akaja na bili ya umeme, na alikuwa ameshaipigia simu kampuni kuiandikisha kwa jina langu, Delbert. Nilishangaa haraka yake.

Mtihani wa macho, nimepita. Mtihani wa maswali, nimepita. Kisha karani akaniuliza kama nisajili na gari papo hapo, maana vibao vya Ohio navyo vimeisha muda. Dirisha la pili tu. Ukaguzi hauna foleni. Nikachungulia. Kibao cha juu kwenye lile rundo: 718305. Sita! Nikasema asante, nitasubiri. Akauliza nasubiri nini. Nikamwambia ni mambo ya kifamilia.

Ndipo akanijulisha kwamba mtihani wa barabarani ni Ijumaa asubuhi, na nije na gari lililosajiliwa.

Nimekaa kitandani, yaani kochini, nikitafakari. Bila gari lenye namba, sipati leseni. Bila leseni, sipati kazi. Bila kazi, Bi Odessa hanizoei. Asiponizoea, sipati namba. Bila namba, sina gari. Inapendeza jinsi inavyozunguka. Natamani ingekuwa ya mtu mwingine.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi nilikwenda kumsaidia Bi Odessa kukata miiba ya mawaridi, bure. Nikamwomba gari lake la kufanyia mtihani. Akasema asiye na leseni hakai kwenye usukani ule, hata awe mchungaji. Nikageuzia maneno kwenye namba. Kwa ustaarabu kabisa. Nikasema 212 lazima inajisikia mpweke.

Akaweka mkasi chini. Akasema mumewe alipokuwa hospitalini, siku ya mwisho, aliuliza kwanza gari limeegeshwa wapi, ndipo akamuuliza yeye hali yake. “Nilimkasirikia, Delbert. Mpaka leo namkasirikia. Lakini asubuhi nikifungua mlango nikaiona ile namba pale nje, najiona sijaachwa peke yangu.”

Niliona aibu. Kweli kabisa. Ilidumu mpaka kwenye kona.

Nadine akasema ofisi bado haijafungwa, niende nikachukue hiyo namba ndefu, nifanyie mtihani gari langu mwenyewe kama binadamu wengine. “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,” akaniambia. Ananizidi miaka miwili tu.

Nikavuka uzio kwa mzee Harlan. Nikamwambia itakuwa fedheha kwa mji mzima nikifanya mtihani wa Delaware kwenye gari ambalo si la Kidelaware hasa. Akakitazama kibao chake. Akanitazama mimi. Macho yakamlegea. Nadhani hakuna aliyewahi kumwomba chochote kwa heshima. Amekubali! Sharti moja: nisikiguse kibao.

Ijumaa, 10 Mei

Nitaandika ilivyokuwa.

Asubuhi njema. Mtahini, mama mmoja asiyetabasamu, kando yangu. Mzee Harlan anatungoja kwenye uwanja wa ofisi. Nikatoka. Jamani! Lori la kuku likanipisha, manyoya yanapepea. Polisi akagusa kofia. Mke wa mchungaji akanipungia mkono. Ohio nimeendesha miaka thelathini, hakuna aliyenipungia hata kidole kizuri. Nikasimama panapostahili, nikageuza panapostahili. Mtahini alikuwa anaweka vema, vema, vema.

Tukarudi uwanjani. La mwisho: kuingia rivasi kati ya nguzo mbili. Nikatazama kioo. Nyuma, kando ya njia, babu mmoja alikuwa amesimama. Anasoma namba. Akavua kofia.

Akanivulia mimi kofia! Ningefanyaje? Salamu hujibiwa. Nami nikavua yangu. Kwa mikono miwili.

Mlio wa bati kwenye nguzo.

Mtahini akauliza aandike sababu gani ya kuachia usukani. Nikamwambia, adabu. Akaandika kitu kirefu zaidi.

Mzee Harlan alikaa chini, pale pale kwenye ukingo wa njia. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema tu, “Babu yangu, Delbert. Babu yangu huyo.” Rangi ya kibao ilikuwa imebanduka kama ya kikombe kilichoangushwa. Nikapiga magoti nikaokota vipande, nikavifunga kwenye leso yangu, nikampa. Sijawahi kujisikia vibaya namna hiyo, na nimewahi kuzamisha boti ya shemeji.

Pigo la pili hili hapa. Jioni tulikwenda pamoja kwa Bi Odessa kumpa habari. Akashika kichwa: kesho kutwa Siku ya Akina Mama, duka limejaa, dereva hana. Kisha akamtazama mzee Harlan. Leseni safi, mstaafu, hana shughuli wikendi hii. Akampa funguo. Za 212! Mimi nikapewa ndoo ya kubebea maji ya maua.

Kabla ya hapo, nikiwa bado nimeinamisha kichwa, nilikuwa nimemwomba Nadine aniletee gari langu ofisini, nikapita dirisha la pili. Ukaguzi haukuwa na foleni. 718305 ilikuwa bado iko juu ya rundo, inanisubiri. Nadine aliponiona natoka nayo, alinirudisha nyumbani akanikaangia mayai bila kuombwa.

Jumamosi, 11 Mei

Ndoo. Ndoo. Ndoo.

Jumapili, 12 Mei

Tumemaliza! Mzee Harlan kwenye usukani, kifua mbele. Mimi nashuka na tulipu, nabisha hodi, mama analia, napanda. Mmoja alinikumbatia akidhani ni mwanawe. Sikumsahihisha mara moja. Bi Odessa amesema nikirudia mtihani nikapita, zamu za katikati ya wiki ni zangu. Mwanamke muungwana. Nadine anasema hatimaye nimejifunza kuridhika na kilicho changu. Nimemwambia ndiyo.

Kuna kitu kimoja tu nataka kujua.

Mzee Harlan hajapeleka kibao chake kikatengenezwe. Nilikichungulia jioni hii kwenye gari lake, kwa juu ya uzio. Kilichobanduka ni ile 4 ya mwanzo, yote, safi, hata alama haikubaki. Sasa inasomeka 417. Jana alipofika mgahawani na gari lake aliletewa pai kabla hajakaa. Vipande viwili! Nikamuuliza atatengeneza lini. Akasema ofisi imefungwa. Nikasema kesho itafunguliwa. Akasema kesho ana shughuli. Hakunitazama usoni.

Nimetoka nikakaa nyuma ya gari langu. 718305. Zikitoka tatu za mbele, inabaki 305. Namba nzuri sana, 305. Rangi ya siku hizi haibanduki kwa kucha, nimejaribu. Wala kwa kisu cha siagi. Lakini kwenye kona ya uzio wa mzee Harlan kuna nguzo ya zege, na kimo chake ni sawa kabisa na cha kibao changu.

Nimewasha gari. Nadine ametoa kichwa dirishani, anauliza nakwenda wapi bila leseni. Nimemjibu siendi popote, dada. Narudi nyuma kidogo tu.